Hajapita Bado

Moshi, 12 Januari 1913

Dada yangu Namnyaki,

Shikamoo dada. Barua hii ikukute mzima, wewe na Baba na ng'ombe na kila anayeota moto chini ya paa lile. Mimi sijambo, ila vumbi la njia ya Rombo limeniachia kikohozi, na upweke wa Moshi hauna dawa dukani.

Nina habari kubwa. Tarehe ishirini na saba mwezi huu ni sikukuu ya Kaisari, na safari hii mabwana wa Moshi na wa Arusha wamebishana mezani kwao ni nani ana matarishi wenye miguu mizuri zaidi. Basi wameweka mashindano: kutoka boma la Moshi mpaka boma la Arusha kwa siku moja. Lakini si kukimbia, dada. Ni kutembea. Lazima mguu mmoja uwe umegusa ardhi wakati wote. Ukiinua yote miwili pamoja, hata mara moja, umekimbia, na Mzungu mwenye baiskeli anakutoa njiani mbele za watu. Wamorani wetu waliokuja kujaribu walitolewa kabla hawajafika sokoni. Wanajua kukimbia, na wanajua kusimama kwa mguu mmoja wakiegemea mkuki. Katikati ya hayo mawili hawajui kitu.

Mimi nilitembea mara moja tu mbele ya Bwana Posta, akamwita mwenzake aje aone. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia, kwa dada yangu, kwenye maji. Hakuelewa. Wewe unakumbuka. Yeyo, mama yetu, alipofariki ulinitwisha kibuyu kisicho na kizibo, tukapanda kutoka mto Themi, wewe mbele, ukisema, "Mguu usiondoke kabla mwenzake hajafika." Nikimwaga tone, unanirudisha mtoni. Nilikuwa nakuona dada mkatili kuliko wote wa Arusha. Sasa nakushukuru.

Nina ombi. Njia ya mashindano inapita Kimandolu, chini kabisa ya migomba yetu. Mwombe Baba atoke barabarani. Najua nilivyoondoka. Niliondoka alfajiri kama mwizi, sikuinamisha kichwa mbele yake aniwekee mkono kama mtoto yeyote wa kwetu anavyoagwa, kwa kuwa aliniita punda wa Wazungu na mimi nikachukia. Miaka mitatu natembea na kichwa kisichoguswa. Siku hiyo sitaweza kusimama. Kanuni yao inasema anayesimama, au anayeguswa na mtu, ametoka. Lakini anione tu. Aone punda wake anavyowaacha watu.

Mdogo wako,
Sironka


Kimandolu, 19 Januari 1913

Mdogo wangu Sironka,

Marahaba. Sisi tu wazima, ng'ombe pia, isipokuwa yule mweupe ambaye ameamua kuwa shamba langu la maharage ni lake. Barua yako Dismasi tarishi aliileta, akakaa, akanywa maziwa yote ya mgando, akafuta mdomo, ndipo akakumbuka ana barua. Nakujibu kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa Ilboru anasema herufi zangu zimelala kama migomba baada ya upepo, lakini zinasomeka.

Nilimsomea Baba mara mbili. Ya pili akauliza, "Atapita mchana au jioni?" Nikasema, jioni. Akasema, "Unipeleke mapema." Basi. Unamjua Baba, ukimkamua neno la pili unapata teke.

Nami nakuomba neno moja. Ukifika pale usipite kimya. Mwite Baba. Kanuni imekataza kusimama, haikukataza mdomo. Hata kukohoa, basi kohoa, si una kikohozi? Usiniulize kwa nini. Nimekatazwa kusema, na aliyekataza unamjua.

Kula vizuri. Usinywe maji mengi mara moja.

Dada yako,
Namnyaki


Arusha, Bomani, 28 Januari 1913

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, miguu ndiyo imevimba kama viazi. Natumaini nanyi hamjambo.

Nimeshinda. Tulitoka Moshi watu wengi, tulipovuka Kikafu tulikuwa wachache, na kuanzia Usa nilikuwa peke yangu. Hata yule Mzungu wa baiskeli mwiba ulimchoma gurudumu akabaki nyuma. Nimeingia bomani jua likiwa bado juu ya milima ya Monduli. Wanasema hakuna mtu aliyewahi kuagana na Moshi asubuhi akafika Arusha na jua, kwa kutembea tu. Wanaiita rekodi. Nimewauliza maana yake, wakasema ni kwamba mbele yangu hakuna mtu. Hilo nilikuwa nimeshaliona mwenyewe, barabara yote kutoka Usa.

Na Baba nilimwona. Amekaa kwenye kigoda, fimbo magotini, uso umeelekea barabara. Wewe hukuwepo. Nilipita karibu naye kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeshika shuka lake. Macho yake yalikuwa wazi. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia ukuta. Hakuinua kidole, hakutikisa fimbo, hata kunitukana hakunitukana. Uliniambia nimwite. Nilifungua mdomo, dada, nikaufunga. Nikawaza, kama baba yangu mzazi ananitazama na hataki kunijua, nimwite nimwambie nini?

Jana usiku walipiga ngoma, wakanibeba juu juu. Sijawahi kujisikia mpweke namna ile, nikiwa mabegani mwa watu. Kesho narudi Moshi ndani ya gari la ng'ombe la Bwana, na turubai limefungwa. Msihangaike kutoka.

Sironka


Kimandolu, 2 Februari 1913

Sironka,

Marahaba, japo safari hii nakupa kwa kukuhurumia tu. Afya yangu usiulize, sijalala vizuri tangu barua yako ifike.

Nimekatazwa kusema, lakini sasa nasema. Baba haoni. Macho yalianza kuingia ukungu mwaka ule ulioondoka, na tangu masika ya juzi hajui mchana ila kwa joto lake. Alinikataza nisikuandikie. Alisema, "Asirudi kwa kunihurumia. Akirudi, arudi kwa kutaka." Ndiyo maana nilikusihi umwite.

Na mimi nilikuwepo, nilikaa naye tangu jua la utosini. Ila yule ng'ombe mweupe aliingia kwenye maharage, nikaruka kumfukuza. Muda huo mdogo ndipo ulipopita. Niliporudi nikamuuliza, "Kuna waliopita?" Akasema, "Watoto wawili na mama mwenye mbuzi. Sironka hajapita bado." Tukangoja. Wakaja wenzako mmoja mmoja, wanaburuza miguu, wanahema. Kila mmoja Baba alimgeuzia sikio akasema, "Siye huyu." Giza likaingia. Ngoma zikaanza kusikika bomani, akaja jirani akipiga kelele kwamba mtoto wa Loishiye amewashinda wote. Baba akamwambia, "Umekosea. Mwanangu hajapita hapa."

Anasikia nyoka akipita kwenye majani makavu ya migomba. Anasikia ng'ombe gani anacheua. Wewe hakukusikia. Umetembea vizuri mno, na mimi ndiye niliyekufundisha. Tangu usiku ule nikikumbuka vile vibuyu natamani ningekuacha umwage maji yote ya Themi.

Lakini na wewe nikuulize, tangu lini baba akaanza kumsalimu mtoto? Hata angekuwa na macho ya tai, yeye ni wa kukaa na wewe ni wa kuinama. Kichwa hupelekwa. Hakifuatwi barabarani.

Rudi. Fika siku yoyote, inama, useme ni mimi. Yaishe.

Dada yako,
Namnyaki


Kimandolu, 11 Juni 1913

Mdogo wangu,

U hali gani? Sisi hatujambo, mvua zimekuwa nzuri. Hukunijibu. Dismasi anaapa kwamba barua alikukabidhi mkononi na ukaisoma mbele yake umesimama.

Nakuandikia kukuambia kitu kimoja. Kila jioni Baba ananiambia nimpeleke barabarani. Nilimweleza mara nyingi kwamba ulishapita, ukashinda, umerudi Moshi. Ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananyoosha mkono nimshike. Akifika anakaa kwenye kigoda, anaweka fimbo magotini. Wapita njia wakimuuliza anangoja nini anawajibu, "Mwanangu. Hajapita bado." Wengine wanamcheka. Wengine wameanza kumletea tumbaku.

Sisemi ili uumie. Nasema kwa sababu jioni zile ninakaa naye mimi, na sina wa kumwambia.

Dada yako,
Namnyaki


Tanga, 8 Machi 1914

Dada yangu Namnyaki,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi kukuuliza hali, mtu aliyenyamaza mwaka mzima hana haki ya kuuliza. Lakini nauliza. Hamjambo? Baba hajambo? Mimi mwili mzima.

Barua zako zote mbili nilizisoma siku zilipofika. Ya kwanza ilinikasirisha, nikasema unamtetea. Ya pili ilinimaliza hasira, nikabaki na aibu, na mtu mwenye aibu kalamu inamshinda. Kisha Bwana Posta akahamishiwa Tanga, akanichukua pamoja na masanduku yake.

Huku sikukuu ya Kaisari nimetembea kutoka Tanga hadi Muheza na kurudi, nimewaacha wote, na hiyo nayo wameiita rekodi. Watu wa pwani wanacheka nyonga zangu zinavyocheza, watoto wananifuata wakiniiga. Siwachukii. Lakini wananipa samaki nawapa majirani, wananipa kitanda nalala chini, na tangu nifike huku sijasikia neno moja la kwetu. Jioni nikishamaliza kazi natembea peke yangu mpaka mwisho wa mashamba ya mkonge, bila mfuko wa barua, bila mashindano. Huwa nawaza tu kwamba mkono wa kushoto kuna mlima wetu Meru, japo hauonekani.

Wenzangu wananionea wivu, wanasema miguu yangu imebarikiwa. Haikubarikiwa, dada. Hakuna aliyeniwekea mkono.

Bwana anasema katikati ya mwaka tutarudi Moshi. Nitakuja.

Mdogo wako,
Sironka


Kimandolu, 20 Aprili 1914

Mdogo wangu Sironka,

Marahaba, marahaba, marahaba, hii ni ya mwaka mzima. Nilipouona mwandiko wako nilikaa chini kwenye matope, na Dismasi akadhani kuna msiba. Sisi wazima. Baba amekonda, anakohoa masika haya, lakini ulimi wake haujakonda.

Nilimsomea barua yote, hata habari ya samaki, akatema mate. Nilipofika pale ulipoandika hakuna aliyekuwekea mkono, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasugua vidole vyake. Kisha akasema, "Mwandikie akija asiogope kwamba sitamjua. Ana kovu nyuma ya sikio la kulia, pale alipoanguka kwenye jiwe la kusagia. Nikimgusa nitalipata."

Umesikia? Hajauliza umeshinda mara ngapi. Anauliza kovu.

Basi njoo. Usingoje kitu chochote, Sironka. Mtu aliyetoka Moshi akafika Arusha jua halijazama anashindwaje kuja kumwona baba yake? Omba ruhusa, na wakikunyima, jifanye mgonjwa, mimi nitakuombea msamaha kanisani.

Dada yako,
Namnyaki


Moshi, 19 Julai 1914

Dada yangu,

Shikamoo. Nimerudi Moshi, mzima, na Kibo nimeikuta ilipo. Mlima wetu pia niliuona jana kule mbali, mawingu yalipofunguka jioni, na nilisimama katikati ya barabara mpaka mtu wa punda akanifokea.

Utanikasirikia, lakini nisikilize mpaka mwisho kama Baba anavyokusikiliza. Sitakuja sasa. Nitakuja sikukuu ya Kaisari, Januari. Mashindano ya Moshi na Arusha yatafanywa tena, na wote wanataka niivunje rekodi yangu mwenyewe. Nikija siku ya kawaida, Baba atapata tarishi aliyeomba ruhusa kwa Bwana. Atanigusa, ndiyo, lakini atajua nimeleta nini? Siku ile nataka nitangulie watu wote, nifike pale kwenye kigoda chake, nisimame. Niiname mbele ya Mzungu wa baiskeli na umati wote. Wanione nikiguswa, wanitoe, na wenzangu wanipite mmoja mmoja wakati mkono wake uko kichwani kwangu. Ndipo Baba atajua nimetua nini chini kwa ajili ya mkono huo. Sina kitu kingine cha kumpa, dada. Hicho ndicho kikubwa nilicho nacho.

Na safari hii atanisikia. Lile dume lake jeusi bado lina kengele? Siku hiyo ivue, uje nayo mpaka kivuko cha Nduruma, uiache juu ya jiwe kubwa. Usinipe mkononi, wasije wakasema nimesaidiwa. Nitaiokota mwenyewe, niifunge mguuni. Kila hatua italia mpaka Kimandolu. Mwambie Baba: akisikia kengele ya dume inakuja kwa mwendo wa mtu, ni mimi.

Mdogo wako,
Sironka


Kimandolu, 6 Desemba 1914

Mdogo wangu Sironka,

U mzima? Uko wapi? Hii ni barua ya tatu tangu vita vianze na hakuna jibu hata moja. Dismasi anasema Agosti walikupeleka upande wa Taveta kubeba barua za askari, kwa kuwa hakuna mwenye mwendo kama wako. Anasema ulimwambia amsalimu kila mtu. Mimi ni kila mtu?

Sisi tupo. Dume jeusi wamelichukua askari likawe nyama, na ng'ombe mweupe naye. Namkumbuka sana, maharage yangu yanaota mpaka yanatia huruma. Kengele niliificha ndani ya kibuyu.

Baba hatoki tena kila jioni, kifua hakimruhusu. Anahifadhi nguvu. Anamuuliza kila mpita njia mwezi gani huu. Nilimwambia huenda mwaka huu mashindano hayatakuwepo, mabwana wana vita. Akasema, "Yeye alisema atapita. Hakusema mabwana watapita."

Nilikuwa na hasira nawe kwa kungoja Januari. Sasa sina hasira, nina hofu, na ningefurahi kuwa na hasira tena. Nijibu. Neno moja linatosha.

Dada yako,
Namnyaki


Kimandolu, 28 Januari 1915

Mdogo wangu Sironka,

Salamu nyingi popote ulipo. Kama u mgonjwa, upone. Kama una njaa, upate. Sisi tupo, Baba na mimi.

Jana ilikuwa siku yenyewe. Hapakuwa na ngoma bomani wala mtu njiani ila wapagazi na askari. Baba aliamka mapema, akaniomba mafuta ya kujipaka na shuka lake jipya. Nikampeleka kwenye kigoda. Akaniambia, "Wewe nenda Nduruma na kengele, kama alivyosema. Mimi najua kukaa." Nikamwomba jirani amwangalie kwa mbali, nikaenda.

Niliweka kengele juu ya jiwe, nikakaa pembeni. Nilijua hutakuja, na bado kila alipojitokeza mtu kule kwenye kona niliinuka. Wakapita wapagazi wengi, nikamwangalia kila mmoja miguu kabla ya uso. Jua likateremka. Nikamuwaza Baba amekaa vile, amejipaka mafuta, amegeuza sikio. Nikawaza atarudi nyumbani kwa mkono wangu na kusema tena hajapita, na kwamba kwa kifua kile hakuna Januari nyingine.

Sikupanga kumdanganya, Sironka. Nilijikuta tu nimevua pete za shaba za mguu wangu na kuifunga kengele.

Nikatembea. Kutoka Nduruma hadi kwetu, peke yangu, nikajiambia yale maneno ya kibuyu: mguu usiondoke kabla mwenzake hajafika. Wanawake waliokuwa shambani waliinuka kunitazama. Askari wakacheka, mmoja akalia kama ng'ombe. Sikugeuka. Miaka mingi sikuwa nimetembea hivyo, na nikaona kumbe mwili haujasahau. Nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu: nilitembea vizuri. Sidhani kama hata wewe ungenipita kirahisi.

Nilimwona kwa mbali akiinua kichwa. Alikuwa ameisikia tangu kwenye kona. Fimbo ikaanguka, hakuiokota. Nikafika mbele yake, nikasimama, kengele ikanyamaza. Sikusema neno. Nikainama.

Akaweka kiganja chote katikati ya kichwa changu. Kilikuwa cha moto. Akakiacha hapo, kisha vidole vikaanza kwenda taratibu nyuma ya sikio la kulia. Vikatafuta. Vikarudi, vikatafuta tena. Nilifumba macho. Nilijua anatafuta nini, na nilijua hakipo.

Mkono ukatulia. Baba akasema, "Kovu limepona."

Nikasema, "Ndiyo, Baba." Sauti ilinitoka ndogo, lakini ilikuwa yangu, hakuna namna ya kuificha.

Akanikandamiza kichwa kidogo, kama anavyofanya kwa mtu anayekwenda mbali. Akasema, "Umetembea vizuri, mwanangu. Nenda salama, urudi salama. Haya, nenda, wasikupite."

Nikaenda, kengele ikilia, mpaka ng'ambo ya migomba ambako hawezi kusikia. Huko nikakaa chini nikalia. Nilipomaliza nikavua kengele, nikanawa uso, nikarudi kwa miguu yangu ya kila siku. Baba akasema, "Namnyaki, ni wewe? Amepita." Nikasema, "Nimesikia, Baba." Akasema, "Nimemgusa. Nishike, twende nyumbani, kuna baridi." Njia nzima alinishika mkono kwa nguvu kuliko siku zote.

Leo jioni sikuitwa. Nilimkuta amelala mapema.

Dada yako,
Namnyaki


Kimandolu, 30 Mei 1915

Mdogo wangu Sironka,

Nakusalimu. Mimi mzima.

Baba ametutoka, katikati ya masika, mchana, mvua ikinyesha. Hakuumwa sana. Tangu ile siku hakuomba kupelekwa barabarani hata mara moja, na hakuwahi kusema tena kwamba hujapita. Watu walijaa. Nilitafuta uso wako kati yao, ingawa nilijua.

Barua hii nimempa Dismasi. Hataki kuniahidi. Anasema huko ulikopelekwa mifuko inakwenda na haileti kitu. Nimemwambia aipeleke hivyo hivyo.

Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Jioni nikishamaliza kazi nachukua kile kigoda, nateremka barabarani, nakaa pale pale pa Baba. Wapita njia wameshazoea, hakuna anayeniuliza. Kengele usihangaike nayo, mimi macho ninayo. Wewe pita kimya kama nilivyokufundisha, nitakuona tangu kwenye kona. Ukifika, simama uiname. Nakumbuka alivyoweka kiganja, na vidole vilivyokwenda, na mahali vilipotafuta, na nguvu aliyokandamiza mwishoni. Yote ni yako. Nimekubebea kichwani tangu siku ile, na sijamwaga hata tone.

Dada yako,
Namnyaki